Barua ya wazi kwa vijana wangu wachoraji: chorea na kitu chenyewe, sio picha ya simu tu

Vijana wangu, salaam nyingi. Nimekaa nikaangalia kazi mnazopost na niseme ukweli mikono mnayo, wengine mnachora ngozi mpaka mtu anatamani aiguse. Lakini karibu zote zimetoka kwenye simu, yaani selfi ya mteja inachorewa viboksi, inahamishiwa kwenye karatasi boksi kwa boksi, imeisha hiyo. Sisemi ni dhambi, oda ndo zinalipa kodi na mimi nalijua hilo. Ila kama ndo kazi yenu peke yake mtadumaa, maana simu imeshawaamulia kivuli kiwe cheusi kiasi gani na pua iwe kubwa kiasi gani (kamera ikiwa karibu pua inavimba, mnaijua hiyo), nyie mnakopi tu maamuzi yake.

Nataka mumjue Antonio López García wa Hispania. Kazaliwa 1936 Tomelloso, mji wa wakulima wa zabibu kule La Mancha. Amu yake, Antonio López Torres, alikuwa mchoraji na ndo aliyemfundisha mwanzo, alafu dogo akiwa na miaka 13 tu akapelekwa Madrid kujiandaa kuingia chuo cha sanaa cha San Fernando. Akasoma kwa njia ya zamani, penseli kwanza, kupima kwa jicho, kukaa na kitu mbele yako. Enzi hizo wachoraji wengi Ulaya walikuwa wanakimbilia picha zisizo na umbo la kitu chochote, yeye akabaki na sinki la bafuni, friji, mlango, mtaa.

Itafuteni picha yake ya Gran Vía, ule mtaa mkubwa wa katikati ya Madrid. Kaianza 1974 kaimaliza 1981, na wala sio kubwa, haifiki mita moja kila upande. Sio uvivu jamani. Alikuwa anautaka mwanga wa alfajiri ya kiangazi, kwenye saa 12 na nusu asubuhi, mtaa mtupu, na mwanga ule unakaa hivyo dakika 20 au 30 tu afu umeshageuka, kwaiyo anaweka rangi kidogo, mwanga ukihama anafunga vitu vyake anaondoka, kesho anarudi saa ile ile, kiangazi kikiisha anasubiri kingine mwakani. Ukiiangalia ile picha unaona kila ukuta umepigwa na jua moja, hakuna ukuta wa saa mbili na mwingine wa saa tano.

Kuna filamu ya Víctor Erice ya 1992 inayomuonyesha akichora mti wa matunda uwani kwake, matunda ya manjano kama mapeasi manene. Naomba mwangalie mikono yake mwanzoni kabla hajagusa hata brashi. Anapigilia misumari ardhini mbele ya vidole vya miguu ili kila siku asimame pale pale. Anatundika timazi, kama ya fundi mwashi, apate mstari wima wa katikati. Alafu anachukua rangi nyeupe anaweka alama ndogo ndogo juu ya majani na matunda yenyewe, maana tunda linavyozidi kuiva linakuwa zito, tawi linashuka, na yeye anataka ajue limeshuka kiasi gani. Mvua zikaja, jua likapotea, ile ya rangi akaiweka pembeni, akaanza upya kwa penseli, na mwisho matunda yakaanguka kabla hajamaliza. Basi, akaacha. Wale mnaochana karatasi kila kazi ikigoma nataka muone sura yake pale, hana hasira hata kidogo.

Asije mtu akaniambia mzee anachukia picha za kamera. López huyo huyo alichora familia ya mfalme Juan Carlos kwa kutumia picha zilizopigwa, na bado ikamchukua kama miaka 20, ikaonyeshwa mwishoni mwa 2014. Anaweza kuitumia picha kwa sababu jicho lake limeshakaa na vitu halisi maisha mazima, anajua kamera imedanganya wapi. Nyie wengi hamjafika huko, na mnaweza kufika.

Kwaiyo oda endeleeni nazo, ila kila mmoja awe na ubao mmoja wa pembeni usio wa mteja. Chagua kitu kisichooza, sufuria, kiatu, chungu cha bibi. Chagua saa yako moja na dirisha lako moja, weka alama chini unaposimama, timazi ni uzi na nati tu haina gharama. Penseli kwanza mpaka vipimo vikae, rangi baadae. Na kwenye rangi za mafuta safu za chini ziwe na mafuta machache, za juu ndo ziongezewe, ukigeuza picha itapasuka na hakuna atakayekurudishia hela yako. Mwanga ukihama acha, hata kama umeshika moto, hapo ndo wengi mnaharibu.

Mkikwama kwenye kupima njooni na ubao wenu nyumbani, jioni huwa nipo, ila simu mtaziacha mlangoni.