Msituambie gallery ndo zilimfanya msanii

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo linanikereketa. Watu wakiongelea graffiti, yaani michoro na maandishi ya kwenye kuta za mitaani, wanasema uhuni, na hata wakimsifia mchoraji wa Marekani Jean-Michel Basquiat utasikia eti magalari, zile kumbi za maonesho ya sanaa, ndo yalimtoa kwenye uhuni yakamfanya msanii. Mi hapo sikubaliani kabisa.

Huyu jamaa alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1960, baba yake Mhaiti, mama asili yake Puerto Rico. Akiwa na miaka saba aligongwa na gari, akalazwa, mama yake akampelekea kitabu cha anatomia, ndo maana picha zake zimejaa mafuvu na mbavu na mifupa ya mikono mpaka mwisho. Kwenye ujana yeye na mwenzake Al Diaz wakawa wanaandika kuta za Manhattan kwa jina la SAMO, na hawakuwa wanapuliza majina tu kama wale waliokuwa wanachora kwenye treni, yalikuwa maneno hasa, mafumbo, unapita unasoma unarudi nyuma usome tena. Maneno hayohayo ndo aliyapeleka kwenye kanvasi, anaandika neno halafu analikata kwa mstari, na alieleza mwenyewe kwamba analikata ili uliangalie zaidi. Sasa hiyo si ni akili ya ukutani? Mwaka 1982 alichora kichwa kimoja kama fuvu, akiwa na miaka 21 tu, kikaja kuuzwa mnadani New York mwaka 2017 kwa dola milioni 110.5. Mwenyewe hakuiona hata senti, alishafariki 1988 kwa madawa akiwa na 27. Inauma.

Na Afrika alifika jamani, 1986 kazi zake zilioneshwa Abidjan.

Nayasema haya kwa sababu mtaani kwetu kuna dogo alimchora bi mkubwa mmoja muuza vitumbua kwenye ukuta wa fremu za maduka, mwenye ukuta karuhusu, rangi kanunua dogo kwa hela yake ya kubeba mizigo, siku tatu anachora, watoto wa shule wakitoka wanakaa chini wanamuangalia. Ile mikono ya bibi inageuza vitumbua kwa kile kijiti, mpaka moshi unauona. Asubuhi moja tukakuta umepakwa chokaa wote, eti unachafua mazingira. Bibi alisimama pale na karai lake kichwani hakusema kitu.

Ila chokaa yenyewe nyepesi, mvua ya juzi imeichuja, jicho moja la bibi limeanza kutokea na watu sasa hivi wanasimama kuliangalia kuliko hata mwanzo.

Mhariri nakuomba mtume mpiga picha wenu aje wiki hii, kabla hawajarudi na rangi ya mafuta.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam