Ukoo wa Starrett haukula mtaji: jibu kwa safu yenu ya biashara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Jumamosi iliyopita safu yenu ya biashara iliuliza kwa nini kampuni za ukoo hazifiki mbali, na mwandishi akatoa mfano wa Starrett, watengenezaji wa zana za kupimia wa Marekani, waliouzwa mwaka 2024. Aliandika kwamba babu alijenga, watoto wakala, wajukuu wakauza. Ni maneno matamu, lakini kwa kampuni hii si kweli. Mimi niliyesomesha watoto kwa mashine ya kukereza siwezi kuyaacha yapite.

Tuanze na hesabu. Kampuni ilianzishwa 1880, ikauzwa 2024. Hiyo ni miaka 144. Ilipofungua mlango, reli ya Mombasa haikuwa hata kwenye karatasi. Kama huko ndiko kutofika mbali, naomba mwandishi anitajie kampuni ya asiye ukoo iliyofika.

Halafu huyo "babu" hakurithi karakana wala mtaji. Laroy Starrett alizaliwa mwaka 1836 katika mji mdogo wa jimbo la Maine unaoitwa China (ndiyo, China, na hauna uhusiano wowote na Wachina). Akiwa kijana alifanya kazi kwenye mashamba ya watu, baadaye akakodi shamba kubwa huko Newburyport, Massachusetts. Mkulima huyo alikuwa na ugonjwa wa kubuni vitu. Mwaka 1865 alipata hataza (haki ya kisheria ya mbunifu) ya mashine ya kukatakata nyama, na nyingine ya mashine ya kufulia. Mwaka 1868 akahamia Athol, mji mdogo kando ya mto Millers, kusimamia kampuni iliyoundwa ili kutengeneza ile mashine yake ya nyama. Hapo ndipo yakamkuta yanayowakuta wabunifu wengi: akahitilafiana na wenye hisa, akatoka. Mwaka 1905 aliinunua kampuni ileile, na ikawa inamtengenezea majiliwa, vile vibanio vya mezani vya kushikia chuma. Mwandishi wenu angeanzia hapo angekuwa na hadithi nzuri kuliko aliyotupa.

Kilichompa kampuni yake mwenyewe ni skwea, kifaa cha kupimia pembe. Wasiofanya kazi ya chuma wanisamehe, nitaeleza taratibu. Ni rula ya chuma yenye mfereji katikati, urefu wake wote. Juu yake kinateleza kichwa ambacho upande mmoja kimekaa nyuzi 90 na upande wa pili nyuzi 45. Ukifika unapotaka, unakaza skrubu ndogo na kichwa kinang'ang'ania hapo. Ndani ya kichwa kuna pimamaji, na mwishoni kumechomekwa kisindano cha kuchorea chuma. Kabla yake fundi alibeba skwea kadhaa, kila moja na ukubwa wake, na kina cha tundu akakipimia kwa kifaa kingine kabisa. Starrett aliziweka zote mkononi kwa wakati mmoja, hataza ikatoka 1879, mwaka uliofuata akafungua kampuni. Leo nenda kwa fundi seremala au mchomeleaji yeyote, skwea ya kuteleza utaikuta, awe anajua ilikotoka au hajui.

Mikromita, kifaa cha skrubu cha kupimia unene kwa vipande vidogo sana vya inchi, hakuivumbua yeye. Hataza ya kwanza ya aina hii tunayoijua ni ya Mfaransa Jean Laurent Palmer, mwaka 1848. Wamarekani Brown & Sharpe wa Providence waliiona Paris kwenye maonyesho ya 1867, wakarudi nyumbani kuitengeneza (nao, kwa taarifa ya mwandishi, walianza kama baba na mwana, David Brown na Joseph wake, mwaka 1833). Starrett aliingia 1890 na hataza ya mikromita aliyoiboresha, karibu kabisa na sura tunayoishika leo. Ndani yake hamna muujiza. Ni skrubu yenye meno 40 kwa inchi. Duru moja inaisogeza inchi 0.025, na kikombe chake cha kuzungushia kimechorwa mistari 25, kwa hiyo mstari mmoja ni elfu moja ya inchi. Unywele wa kichwani ni kama elfu tatu hivi. Lakini ili mstari huo mmoja uwe wa kweli, meno ya skrubu lazima yafanane kutoka la kwanza hadi la mwisho, na nyuso mbili zinazobana chuma zilale sambamba. Kazi ngumu iko hapo, na mnunuzi hawezi kuiona kwa macho. Anaamini jina lililochapwa kwenye fremu.

Naomba hapa nitoke pembeni kidogo, maana jambo hili limenitia hasara. Miaka kadhaa nyuma nilinunua mikromita mpya dukani, imeng'aa, ina jina kubwa la Ulaya, bei nusu ya kawaida. Nilipaswa kuuliza kwa nini. Nikapewa kazi ya shafti ya mashine ya kusaga, sehemu ya kukaa beringi iwe milimita 40. Nikakereza, nikapima, ikasoma 40 kamili. Mteja akaondoka na furaha. Baada ya siku nne akarudi na shafti begani, na kimya kile cha mtu anayejizuia kutukana. Beringi ilikuwa inazunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo, imeila chuma hadi ikawa ya bluu. Nikatoa droo ya chini Starrett ya inchi niliyoachiwa na mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, ambaye naye aliipata alipokuwa karakana ya reli. Milimita 40 ni karibu sana na inchi 1.575. Nikapima pembeni, mahali ambapo beringi haikufika, palepale niliposoma 40 kamili. Mikromita ya mzee ikasema 1.573. Elfu mbili tu, pungufu ya unywele mmoja, na nikatengeneza shafti ya pili kwa chuma changu. Ile inayong'aa tunaitumia sasa kubania karatasi.

Ndiyo maana naona mwandishi amepima kitu kisichopimika kwa kipimo chake. Kinachorithiwa katika kazi hii ni jina kwanza, majengo na fedha baadaye. Mzee Laroy alifariki 1922, na miaka arobaini baada ya hapo, alipokuja kuongoza Douglas R. Starrett, kisha mwanawe Douglas A. Starrett, aliyekuwa mtendaji mkuu tangu 2001, kila mikromita mbovu iliyotoka Athol ingekuwa imetoka na jina lao la ukoo juu yake. Sijui mkurugenzi wa kuajiriwa anayelala na wasiwasi wa aina hiyo.

Niseme na haki: haikuwa mali ya ukoo peke yao. Hisa ziliuzwa kwenye soko la New York, na kulikuwa na daraja la pili la hisa ambalo kila moja ilihesabika kura kumi. Walijenga kiwanda Brazil mwaka 1956, na Jedburgh, Scotland, mwaka 1958, baadaye wakaenda Suzhou, nchini China. Watu waliokaa wakila urithi hawahangaiki hivyo. Athol penyewe, mji wa watu kama 12,000, ulijulikana kama Mji wa Zana.

Kwa nini basi waliuza? Kwa maoni yangu ya karakana, si ya darasa la uchumi, dunia ya vipimo iligeuka. Vania za kidijitali (vipimio vya taya mbili zinazoteleza) kutoka nchi ya China zilishuka bei mpaka mwanafunzi wa ufundi anainunua kwa pesa ya chakula cha wiki. Na upande wa juu alisimama Mjapani. Ingia karakana zetu, vania itakayotolewa kwenye kasha lake kwa fahari ni Mitutoyo. Nayo, mwandishi asishangae, ni kampuni ya ukoo: Yehan Numata, mtoto wa hekalu la Kibudha, aliianzisha 1934 akitaka faida yake igharimie kueneza dini. Kwa hiyo ukoo wa Starrett umeshindana sana na ukoo mwingine, jambo linaloivunja hoja ya safu nzima. Mnunuzi wa 2024, kampuni ya uwekezaji ya MiddleGround Capital, alilipa dola 16.19 kwa kila hisa. Kama ni bei nzuri au mbaya, hilo wasomi wa hisa watalijadili. Mimi nitaangalia kama meno 40 yatabaki 40.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba sentensi ile ya watoto wakala isahihishwe. Na mwandishi akipita Morogoro anakaribishwa. Mikromita ya mzee iko kwenye droo, imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Aje ang'oe unywele mmoja, tuupime pamoja.

Wako,
Fundi mkerezaji mstaafu,
Morogoro