Mheshimiwa Waziri, mwanangu anahitaji kadi mpya ya chanjo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Nakusalimu kwa heshima. Mwanangu ana miaka tisa. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na miezi minane iliyopita alipandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kutoka kwa dada yake. Vile vilio vya maumivu ya mifupa usiku vimekoma. Tangu hospitali ya Mloganzila waanze upandikizaji mwaka 2021 na hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka 2023, wazazi kama mimi hatuwazi tena matibabu ya India tu, na kwa hilo nashukuru.

Ninachokuandikia ni kadi. Juzi nilimpeleka zahanati ya jirani na barua ya daktari, achanjwe upya. Muuguzi akafungua kadi yake ya uchanga, akapitisha kidole kwenye tarehe: pepopunda, kifaduro, polio. "Mama, huyu alishamaliza. Hizi ni za wachanga." Simlaumu. Hakuna aliyemweleza kwamba dawa zilizoondoa uloto wa zamani huondoka na kumbukumbu ya kinga pia.

Wiki ya tatu baada ya kupandikizwa, kwa msaada wa sindano za filgrastimu, dawa ya kuongeza chembe nyeupe za damu, zile chembe ziitwazo nyutrofili zilipanda, na ndugu wakataka sherehe. Nilikataa, watu wote wale na vikohozi vyao! Nyutrofili ni walinzi wa getini tu. Limfosaiti, chembe nyeupe nyingine zinazomkumbuka adui kwa sura, lazima nyingine zikakomazwe upya kwenye tezi ya thaimasi kifuani. Hiyo ni kazi ya miezi, pengine mwaka na zaidi, na filgrastimu haiiharakishi. Watafiti wanahangaika nayo. Sisi huku chanjo tunazo, ziko kwenye jokofu la zahanati.

Naomba waraka uende kwa waganga wakuu wa wilaya. Aliyepandikizwa uloto afunguliwe kadi mpya. Zile zisizo na vimelea hai aanze kati ya mwezi wa 6 na wa 12 baada ya kupandikizwa, kwa maelekezo ya daktari wake, ya nimonia isisahaulike, kwani bandama za watoto wa selimundu huwa zimeshachoka. Surua ina vimelea hai, hiyo isubiri walau miaka miwili. Na dozi hizo ziingizwe kwenye mahesabu ya wilaya, muuguzi asije akaulizwa zimekwenda wapi.

Daftari nimeshanunua, nimelipiga mistari mfano wa kadi. Safu ya tarehe iko wazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Tabora