Kozi ya astrobiolojia ifike hadi Uvinza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku lililonikaa tangu likizo hii ianze. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari hapa Kigoma. Vijana watatu niliowafundisha, ambao sasa wako mwaka wa pili chuo kikuu (chuo gani, tuliache), walikuja nyumbani kunisalimia. Shikamoo haijapoa, wakaanza kubishana mbele yangu juu ya kozi moja ya kuchagua waliyoisoma muhula uliopita: utangulizi wa astrobiolojia, sayansi inayouliza uhai ulianzaje na kama upo kwingine zaidi ya hapa duniani.

Kumbe chuoni waliulizwa maoni yao. Kipindi cha mwisho waligawiwa fomu ya tathmini, ile ya kuweka vema kwenye visanduku kuanzia "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa", na chini yake mistari miwili ya maoni. Walipewa dakika kumi, mhadhiri amesimama mlangoni na bahasha mkononi. Mmoja wao aliandika "Kozi nzuri, asante" akatoka zake. Yaliyobaki moyoni ndiyo niliyoyasikia mimi kibarazani, juu ya chai na mihogo, na nayaleta kwako kwa sababu sidhani kama ile bahasha iliyabeba.

Kijana wa Ujiji, ambaye baba yake ni mvuvi, alianza na kazi. "Mwalimu, nyumbani nikisema nasoma viumbe wa sayari ya Mirihi, mzee anauliza bumu linaishia wapi." Hilo sitalikalia. Kozi moja ya kuchagua haikuwekwa ili imwajiri mtu, na mzee mwenyewe anasoma nyota na mwezi kila wiki kabla hajaingiza chombo majini. Pia walilalamikia mihadhara, kwamba mingi ilikuwa video za chuo cha nje, mtandao unakatika, lafudhi ngumu, mwisho wa siku kila mtu akarudi kwenye desa. Nawaelewa.

Lalamiko la binti wa Uvinza ndilo lililonigusa. Kwenye mtihani walitakiwa kutaja mazingira matatu magumu ambako viumbe huishi. Akaandika Yellowstone kule Marekani, jangwa la Atacama na Antaktika. Akapata alama zote. Bibi yake amechemsha chumvi Uvinza maisha yake yote.

Maji ya chemchemi za Uvinza yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Maji ya chumvi kali ni makao ya vijiumbe ambavyo wanasayansi wanaoichunguza Mirihi wanavifuatilia kwa karibu, kwa sababu kama kuna maji yanayotiririka Mirihi leo, basi kuna uwezekano mkubwa ni ya chumvi. Chumvi huyachelewesha kuganda. Hiyo ilikuwa mada nzima ya wiki mbili, na neno Uvinza halikutajwa hata mara moja.

Njoo kwenye ziwa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya ziwa Baikal la Urusi. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi kwenye ngozi ya juu tu. Ukishuka mita 100 hadi 200 oksijeni inakwisha, na kutoka hapo mpaka sakafuni ni giza lisilo na samaki, makao ya bakteria wanaoishi bila hewa hiyo. Dunia ilikuwa na hali ya namna hiyo kabla oksijeni haijaanza kujikusanya angani, yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita. Tena, upande wa Kongo, kwenye Rasi ya Banza na mahali paitwapo Pemba (si kile kisiwa chetu), chini ya maji ya ziwa hili hili kuna chemchemi za moto. Vijana wangu walifundishwa chemchemi zilizogunduliwa karibu na visiwa vya Galápagos mwaka 1977. Wakafundishwa pia Enceladus, mwezi wa sayari ya Zohali ambao chombo cha Cassini kiliukuta ukirusha mvuke na chembe za barafu kutoka baharini chini ya gamba lake, na ndani ya mvuke huo kukawa na haidrojeni, dalili kwamba huko chini maji ya moto yanakutana na mwamba. Kijana wa Ujiji anaiona milima ya Kongo kila jioni jua likizama. Aliposikia kwamba chini ya maji ya upande ule kuna jambo linalofanana na hilo, alinyamaza, kisha akauliza kwa hasira kidogo kwa nini hakuambiwa.

Tusisahau Ivuna. Kimondo cha Mbozi tunakijua wote, maana kina tani 16 hivi na watu hupiga picha nacho. Kile cha Ivuna, kilichoanguka tarehe 16 Desemba 1938 huko huko kusini magharibi mwa nchi, hakifiki hata kilo moja. Lakini kuna kundi la vimondo adimu sana ambalo dunia nzima inaliita CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Ndani yake zimekutwa asidi amino, zile zile zinazounganishwa kutengeneza protini, zikiwa zimetoka huko huko angani. Wajapani walipoleta gramu 5.4 za asteroidi Ryugu, mwamba unaolizunguka jua, mwaka 2020, wataalamu walipozichunguza walikuta zinafanana na mawe ya aina ya Ivuna. Watoto watatu wa Kitanzania wamemaliza utangulizi wa astrobiolojia na hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Hapo, Mhariri, siwezi kumtetea aliyeiandaa kozi.

Ila kuna lalamiko moja nililolikataa. Lilitoka kwa yule wa tatu, anayesoma famasia, kijana mkali wa maneno tangu kidato cha kwanza. "Muhula mzima tunalipa ada kuambiwa haijathibitishwa!" Akahesabu kwa vidole. Vyombo vya Viking vilitua Mirihi mwaka 1976 kutafuta uhai, haijathibitishwa. Kimondo kutoka Mirihi kilichotangazwa mwaka 1996 kuwa na mabaki ya viumbe, haijathibitishwa. Fosfini, gesi inayodhaniwa kuwa dalili ya uhai, kwenye mawingu ya sayari ya Zuhura mwaka 2020, wanabishana. Kwake hiyo siyo sayansi, ni baraza la kahawa.

Sikumjibu siku ile. Binti alikuwa anakwenda kwao kusalimia, nikamwomba arudi na chupa ya maji ya chemchemi. Akarudi nayo, chupa ya soda ya plastiki imefungwa kwa mfuko. Tukaingia maabara ya shule Jumamosi. Umeme haukuwepo, lakini hadubini yetu ni ile ya zamani yenye kioo chini, ukiiweka dirishani jua linafanya kazi. Tukadondosha tone.

Kwanza tuliona chumvi yenyewe ikianza kujijenga pembezoni mwa tone, vipande vya pembe nne vimenyooka utadhani vimekatwa kwa kisu. Katikati yake kulikuwa na vinukta vidogo vinavyotetemeka. "Vipo hai!" alisema wa famasia, akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Binti akasema ni uchafu tu unasukumwa na maji. Wakabishana karibu saa nzima, nami nikakaa kwenye stuli nikanyamaza. Mwishowe kijana wa Ujiji akatoa wazo: tuyachemshe maji mengine, kama ni viumbe vitakufa. Tukatafuta kopo la maziwa na jiko la mkaa la mpishi wa shule, yakachemka dakika kumi, tukayaacha yapoe, tukadondosha tone lingine.

Vinukta vikaendelea kutetemeka vile vile.

Kwa hiyo kutetemeka hakukuwa ushahidi wa uhai. Wala hakukuwa ushahidi kwamba maji yale hayana kitu. Tulikuwa tumeuliza swali baya, basi. Wa famasia alikaa akiangalia kopo, halafu akasema taratibu, "Kumbe ndiyo maana Viking walichoma udongo."

Ndiyo. Udongo wa Mirihi ulipewa lishe ukatoa gesi, na mwingine uliopashwa moto hadi nyuzijoto 160 haukutoa, jambo lililofanana kabisa na uhai. Lakini chombo kingine pale pale hakikuona masalia ya kikaboni yaliyotarajiwa, wengi wakahitimisha kwamba ni kemia ya udongo tu, na wachache wanabisha mpaka leo. Yote hayo, pamoja na hiyo 160, kijana aliyaandika kwenye mtihani akapata alama. Desa lilikuwa nayo. Lakini ilibidi aone nukta ikicheza baada ya kuchemshwa ndipo ajue alikuwa ameandika nini.

Nawaomba wahadhiri wanaofundisha kozi hii wasikimbilie kuongeza majibu kwa sababu fomu zinalalamika hakuna majibu. Waongeze maji ya Uvinza, matope ya ziwa, habari za Ivuna, na hadubini hata ya kuazima. Na zile fomu wazigawe wiki ya saba, si dakika kumi za mwisho, ili maoni yamkute mwanafunzi bado yumo darasani.

Chupa tumeibakiza nusu, iko kwenye kabati la maabara, karibu na mifupa ya chura. Mhadhiri anayeitaka aje achukue. Namba yangu binti anayo.

Mwalimu wa biolojia,
Kigoma.