Kijana wangu hagusi mpira

Indianapolis, Jumamosi asubuhi

Barasa ndugu yangu,

Niaje huko, mama na watoto wako poa? Voisi yako niliiskiza nikiwa kazini nikasema hapana, hii siwezi jibu kwa simu, wacha nikae nikuandikie vizuri. Umeniuliza futiboli ya Wamarekani ni watu wangapi maana uliona kama jeshi zima limesimama kando ya uwanja, na mbona wanacheza sekunde tano halafu wanasimama kama wanangoja matatu. Hata mimi miaka ya kwanza nilikuwa naiona hivyo hivyo, nikiipata kwa TV nahamisha. Ni kijana wangu Brayo, anacheza hii gemu, alinifungua macho.

Ndani ya uwanja ni 11 kwa 11, basi. Hao wengine wote ni wa kubadilishana, na kubadilisha hakuna hesabu, kila mchezo ukisimama mnaweza toa watu wote 11 muingize wengine 11. Ndio maana timu ya NFL, ligi kubwa ya kulipwa ya huku, inabeba watu 53: kuna kundi la kushambulia, kuna la kuzuia, na kuna lile linaingia tu wakati wa kupiga mpira kwa mguu. Mkishapoteza mpira washambuliaji wanatoka wanakaa benchi, wazuiaji wanaingia. Shule ndogo ambazo hazina vijana wa kutosha, mtoto mmoja anacheza kote kote mpaka filimbi ya mwisho, na hao nawaheshimu sana.

Sasa kitu kimoja ukikielewa hiki kingine chote kitakuja chenyewe: huu ni mchezo wa ardhi. Uwanja ni yadi 100, na kila mwisho kuna yadi 10 zingine za kufungia. Wakikupa mpira wanakupa majaribio manne, wanaita dauni, usogee yadi 10. Ukizifikisha unapewa manne mapya, usipofikisha mpira ni wa wenzako palepale ulipokwama. Kando ya uwanja kuna watu wana vijiti viwili na mnyororo wa yadi 10 katikati, na ikiwa karibu karibu wanauleta ndani wanapima, uwanja mzima unanyamaza, Barasa, hata wazee wanasimama. So ule muda wewe unaona wamesimama tu, ndio wanapanga jaribio linalofuata.

Wewe hii utaielewa haraka kwa sababu imetoka kwa raga yetu. Mechi ile ya kwanza ya vyuo, Rutgers na Princeton 1869, walikuwa 25 kila upande, na ilikuwa bado karibu na soka. Baadaye wakachukua sheria za raga, halafu kuna jamaa wa chuo cha Yale anaitwa Walter Camp, 1880 akawashawishi washuke mpaka 11 na watoe skramu, ule msukumano wa kugombania mpira, badala yake mpira uanze na timu moja kwenye mstari. Lakini hapo kukaingia shida, timu ikipata mpira inaukalia nusu nzima bila kuuachia, watazamaji wakachoka, ndio 1882 wakaleta haya majaribio, mwanzoni yalikuwa matatu kwa yadi 5. La nne lilikuja 1912.

Tofauti kubwa na raga ni mbili. Pasi ya kwenda mbele inaruhusiwa, mara moja tu kwa kila jaribio na lazima mrushaji awe nyuma ya mstari wa kuanzia. Ya pili ndio imenishika roho: unakumbuka vile refa alikuwa anatupigia filimbi ukimzuia mtu hana mpira? Huku hiyo ndio kazi! Kuna watano wanakaa katikati ya mstari, jezi zao ni kati ya 50 na 79, kwa kawaida hawaruhusiwi hata kudaka pasi. Kazi yao ni kusimama kati ya kwotabeki, yule mrushaji wa pasi, na wale wanataka kumwangusha, na wasishike mtu, ukishika bendera ya njano inaruka mnarudishwa yadi 10. Ukitingishika kabla mpira haujatoka mnapoteza 5.

Brayo ni mmoja wa hao watano, namba 64. Mwili wa propu, wale wazito wa mbele kwa skramu ya raga, kama sisi.

Mechi yao ya jana usiku ndio nataka kukuambia. Imebaki dakika mbili, tuko chini 17 kwa 14. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwa zile yadi za kufungia, ni pointi 6 na mkwaju wa juu yake ni 1, hivyo 14 yetu ni mbili za hivyo, wao walikuwa na hizo mbili plus mkwaju wa katikati ya milingoti wa pointi 3. Tuko yadi moja kutoka kwa mstari wao, jaribio la nne. Kochi angeweza piga mkwaju tusare. Hakupiga. Na dakika chache kabla ya hapo Brayo alikuwa ametingishika mapema tukapoteza yadi 5, nilimuona vile alirudi kichwa chini, moyo uliniuma. Halafu kochi akaita mchezo upite upande wake! Mpira ukatoka, Brayo akamsukuma yule wa mbele yake akarudi nyuma hatua mbili tatu, mwenzake akapita na mpira nyuma ya mgongo wake, tachidauni, mkwaju ukaingia, 21 kwa 17. Mtangazaji akataja jina la aliyebeba mpira na ni haki yake. Brayo hakutajwa. Nililia pale kwa viti na mke wangu akanishika mkono, kwa sababu mimi niliona nani alifungua ule mlango.

Unamkumbuka Daniel Adongo, Mkenya mwenzetu alikuwa anacheza raga Afrika Kusini halafu 2013 akachukuliwa na Colts, timu ya NFL ya hapa hapa Indianapolis, bila kuwahi cheza hii gemu? Brayo nimemhadithia mara nyingi sana.

Ijumaa wanacheza tena, saa moja jioni ya huku, kwenu itakuwa saa nane usiku. Kama utakuwa macho nitakupigia video. Usimfuate mwenye mpira, wewe angalia 64.

Ndugu yako,
Wafula