Barua kwa mwanangu: Lufira anakanyaga chini

Lubumbashi, mwezi wa sita

Mama, mwanangu mpendwa,

Lufira, yule farasi mdogo tunayemtunza, anakanyaga chini kwa miguu yote minne. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolitafuta kwa macho hata kabla ya salamu. Nyumbani sisi ni wazima. Mama yako anakusalimia sana, ndugu yako mkubwa amepata kazi kwenye gereji moja kule Kampemba, na baridi imeshuka mjini hata asubuhi tunatoka tumevaa makoti.

Uliponiuliza kwenye simu kama ni kweli walitaka kumuua, nilikujibu ndiyo, kisha salio likaisha. Jibu la namna ile halimtoshi mtoto aliyekuwa akimtembeza Lufira kila Jumamosi huku watoto wadogo wamekaa mgongoni. Tena umesema unataka kusomea udaktari wa mifugo hapa hapa kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Basi kaa chini usome polepole, maana kuna mambo nimeyaona kwa Dokta ambayo napenda uyajue tangu sasa.

Ajali yenyewe ni fupi. Ilikuwa moja ya zile mvua za mwisho za mwezi wa nne, wewe umesharudi Likasi baada ya Pasaka. Radi ilipiga karibu, bati lililolegea kwenye kiwanja cha jirani likarushwa na upepo mpaka ndani kwetu, na Lufira akalipitia katika kukimbia. Lilimkata mguu wa nyuma wa kushoto, upande wa mbele, juu kidogo ya kile kifundo kilicho karibu na ukwato. Ngozi ilikuwa inaning'inia na mfupa unaonekana.

Watu wakaja na dawa zao. Mmoja alishika chupa ya spiriti, mwingine alitaka kupaka majivu. Mimi nilikuwa nimeshampigia Dokta simu, na alilosema lilikuwa moja: maji safi tu. Spiriti na ile dawa inayotoa povu vinaua vijidudu, lakini vinaua pia nyama changa inayotakiwa kufunga kidonda. Kwa hiyo nilimmwagia maji ya bomba taratibu, nikafunga kitambaa safi kwa kukaza, nikamshika kichwa nikimwimbia ule wimbo wako mpaka gari la Dokta lilipoingia.

Sasa sikiliza alivyofanya, kwa sababu ndipo nilipoanza kumheshimu. Sisi sote tulikuwa tumekodolea macho mguu. Yeye alipita pembeni ya mguu kama vile haujakatika, akaenda kichwani. Aliweka vidole viwili chini ya taya akahesabu mapigo. Farasi mzima aliyetulia hupiga 28 hadi 44 kwa dakika. Lufira alikuwa anapiga 72. Akainua mdomo wa juu, akabonyeza ufizi, akangoja kuona wekundu unarudi upesi kiasi gani. Akapima joto: 38.1, hiyo ni kawaida. Akaweka sikio la chombo chake tumboni, kulia na kushoto. Ndipo akasema, "Papa, damu iliyomwagika haijamzidi. Tunaweza kufanya kazi."

Halafu akaomba kipimo cha fundi cherehani. Alizungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, sentimita 140. Akapima kutoka bega mpaka mwisho wa tako, 125. Ukizidisha kifua kwa kifua, ukazidisha tena kwa urefu, ukagawa kwa 11,880, unapata uzito wa farasi kwa kilo bila mizani. Fanya hesabu mwenyewe, utaona ni karibu 206. Kila sindano ya siku ile ilitegemea namba hiyo: ya kumtuliza, ya maumivu, ya penisilini. Sindano ya pepopunda nayo haikukosa. Kijidudu cha pepopunda kinaishi kwenye udongo na mavi, na katika wanyama tunaowafuga hakuna anayepatwa nacho kirahisi kama farasi. Usije ukasahau hilo hata siku moja.

Ni hapo mwenye farasi alipofika. Usimchukie, mwanangu. Alimpenda Lufira kama sisi, na hakuwa anakwepa gharama. Alikuwa ameshaona farasi mkubwa akiteseka wiki nyingi kwa sababu vijidudu viliingia kwenye kiungo vikakila kutoka ndani, na mwisho akauawa akiwa amekonda mifupa. Alipoona kidonda kilivyokaribiana na kifundo alisema afadhali amalizwe leo, kabla hajajua maumivu yenyewe. Alisema huku machozi yanamtoka.

Dokta hakubishana. Alisema tu, "Tukiulize kiungo chenyewe kwanza."

Alinyoa manyoya upande wa pili wa kifundo, mbali na kidonda. Akasugua ngozi kwa dawa muda mrefu, mpaka nikafikiri anasubiri mtu. Akavaa glavu mpya, akachoma sindano ndani ya kiungo, akaanza kusukuma polepole maji ya chumvi yasiyo na kijidudu. "Papa, usiangalie mkono wangu," akaniambia. "Shika tochi, uangalie kidonda. Kiungo kikiwa kimetoboka, maji yatatokea huko." Nilishika tochi. Kifundo kilianza kutuna chini ya ngozi, kikajaa, kikawa kigumu, hata ile pistoni ya sindano ikaanza kurudi nyuma yenyewe ikimsukuma Dokta kidole gumba. Kwenye kidonda halikutoka hata tone. Kiungo kilikuwa kimefungwa, salama. Mwenye farasi alivuta pumzi akasema, "Mtibu." Basi. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Kilichokatika kilikuwa kano ya mbele, ile inayoinua ncha ya ukwato farasi anapopiga hatua. Dokta alisema hapo tulikuwa na bahati, maana kano za nyuma ya mguu ndizo zinazobeba uzito wa mwili, na zikikatika hizo habari ni nyingine kabisa. Ya mbele ikikatika, farasi anaburuta ncha ya ukwato kwa muda, kisha anajifunza upya kuurusha mguu mbele huku kovu likiunganisha. Ila katika muda huo lazima azuiwe asijikunje akaangukia kifundo. Ndugu yako mkubwa alitumwa dukani kununua bomba la plastiki la maji, akalipasua kwa urefu kwa msumeno, akalainisha kingo. Dokta alishona ngozi ile iliyokuwa na uhai, akaacha sehemu wazi ili uchafu upate njia, akazungusha pamba nyingi sana, na juu ya pamba nusu ya lile bomba, na juu yake bendeji. Karibu na kidonda aliweka nepi ya mtoto, kwa sababu inanyonya majimaji vizuri. Fedha nyingi ya matibabu haya imeingia kwenye pamba na bendeji kuliko kwenye dawa, na mimi naona ndivyo ilivyopaswa.

Baada ya hapo Lufira akafungiwa ndani ya boksi, kile chumba chake cha zizini, na Dokta akanipa kazi ambayo haikuhusu kidonda. Kila asubuhi na jioni niguse ukwato wa mguu wa pili, ule mzima. Farasi akiegemea mguu mmoja kwa muda mrefu, ndani ya ukwato ile tabaka inayoushikilia mfupa inakosa damu, inavimba, inaachia. Farasi anaweza kupona kidonda upande wa kushoto akafa kwa ukwato wa kulia. Kwa hiyo tuliweka maranda mengi, mazito, ili kwato zizame na kupata mto, nami nikajifunza kusikia kwa vidole mshipa unaopita juu ya ukwato: ukiwa mzima unapiga kwa kificho, ukiwa mgonjwa unadunda wazi.

Kazi ya pili ilikuwa chakula. Wewe unamjua Lufira anavyokula. Lakini siku zile za mwanzo aligeuzia nyasi kisogo, na Dokta alikuja juu kuliko alivyokuja kwa kidonda. Farasi wadogo wa aina yake wana mwili unaoweka mafuta. Wakiacha kula huku wana maumivu, mafuta yale yanamwagika kwenye damu kwa wingi, ini linazidiwa, na mnyama anakwenda kwa siku chache. Tukampunguzia maumivu kwanza, kisha mama yako akaanza kumkatia nyasi mbichi kidogo kidogo na kumlisha kwa mkono. Siku aliponyoosha shingo mwenyewe kudai zaidi, mama yako alinipigia simu kazini akipaza sauti hata nikadhani kuna msiba. Mahindi hatukumpa. Farasi asiyetembea akishiba nafaka, kwato zinaumia.

Wiki zikapita, bendeji ikifunguliwa na kufungwa. Nyama mpya ikaanza kujaa kwenye kidonda, nyekundu, yenye chembechembe, na sisi tukafurahi. Lakini kwenye miguu ya farasi, kuanzia kiungo kikubwa cha katikati ya mguu kushuka chini, nyama hiyo haijui kusimama. Kule hakuna misuli, ni ngozi, kano na mfupa tu, na damu inafika kwa shida. Ya Lufira iliumuka kama unga wa mandazi mpaka ikapita juu ya ngozi. Dokta akaleta kisu kidogo, akaikata ikawa sawa na ngozi. Ilitoka damu nyingi, na mwenye farasi aligeukia ukutani. Lufira alikuwa anatafuna nyasi. Nyama ile haina mishipa ya fahamu, mwanangu. Haisikii kisu hata kidogo.

Dokta aliniita niiname karibu, anionyeshe kwa nini ilikatwa. Pembezoni mwa kidonda kulikuwa na ukanda mwembamba wa rangi ya waridi iliyopauka. Hiyo ndiyo ngozi mpya. Inatambaa kutoka kingoni kuelekea katikati, na kwenye mguu wa chini inakwenda chini ya milimita moja kwa wiki. Ikikuta nyama imesimama mbele yake haiwezi kupanda, inakwama hapo hapo. Ukiipatia uwanja ulio sawa, inaendelea. Nikamwambia kwa mwendo huo tutazeeka. Akanijibu kwamba kidonda hakifungwi na ngozi mpya peke yake, kinajivuta pia chenyewe na kupungua, na katika hilo hawa farasi wadogo wanawashinda wakubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, kule Uholanzi, walilinganisha vidonda vya aina zote mbili katika miaka ya 1990, wakaona mwili wa mdogo unapigana kwa nguvu mapema, unasafisha uchafu haraka, kisha kidonda kinajikunyata vizuri zaidi. Na kweli, nilikiona cha Lufira kikipungua mbele ya macho yangu. Inzi nao wamepungua tangu baridi ianze, hilo nalo limetusaidia sana.

Sasa hali ilivyo. Bomba limetolewa. Kidonda kilichobaki ni kidogo kuliko kiganja chako. Kila asubuhi namtoa kwa kamba, tunatembea dakika chache kwenye ardhi ngumu iliyo tambarare, na Dokta ameruhusu tuongeze kidogo kidogo. Ukisikiliza kwato zake utasikia ile ya kushoto nyuma inachelewa nukta moja, kwa sababu anaurusha mguu mbele badala ya kuuinua. Kovu litabaki, na manyoya yakiota hapo huenda yakawa meupe. Kubeba watoto bado. Dokta atamkagua tena mwezi wa tisa ndipo atasema, na mimi sitaruhusu mtu yeyote amharakishe, hata awe nani.

Jambo moja nakusisitiza, kwa sababu utaingia kwenye kazi hiyo ukiwa na moyo wako huo mwepesi. Utaitwa kwa kidonda, na wenye mnyama watakuonyesha kidonda. Anza kichwani. Hesabu mapigo, tazama ufizi, sikiliza tumbo, gusa miguu mitatu mizima.

Nimemweleza Dokta habari zako. Amesema likizo ikianza uje asubuhi anapobadilisha bendeji, atakufundisha kupima mapigo na kupiga ile hesabu ya uzito. Uje na viatu vya kufunga, maana hamruhusu mtu mwenye kandambili karibu na kwato. Deni la shule nimelipa lote, risiti ninayo, wasikusumbue wakati wa mtihani. Mama yako amempa dereva wa basi la Likasi unga na dagaa wa kapenta. Mfuate kituoni Jumamosi kabla ya saa sita, na umrudishie ule mfuko mkubwa.

Baba yako