Mafunzo ya mahojiano ya kazi yasiishie kwenye hotuba

Mhariri,

Vijana wa Likoni na Kisauni hukusanywa ukumbini, wakahutubiwa kuhusu tai na tabasamu, kisha wakaambiwa wako tayari kwa mahojiano ya kazi. Mafunzo ya stadi katika saikolojia ya tabia yana hatua 4: maelezo, kuonyeshwa mfano, kujaribu mwenyewe, kisha kusahihishwa papo hapo. Ukumbini hufanyika ya kwanza tu!

Masahihisho nayo yawe mahususi. “Hukutaja matokeo” humsaidia kijana. “Jiamini” haimfai kitu. Akiulizwa alivyomtuliza mteja mkali, aeleze hali ilivyokuwa, alichofanya yeye, na kilichofuata. Wengi hukwama kwenye “tulifanya”, mwajiri asijue mchango wa nani. Maswali ya zoezi yabadilishwe pia, la sivyo atakariri jibu moja, na swali likigeuzwa kidogo ababaike.

Mkufunzi,
Mombasa